Keshoshwa

Fundi wa makochi hakuwa mwongo. Alimwambia mteja "njoo kesho," na mteja akija kesho alimkuta mlangoni, kavaa aproni, kashika mkasi, yuko tayari kabisa. Kochi tu ndilo halikuwa tayari. Mtaa ukampa jina la Kesho, kwanza nyuma ya mgongo wake, kisha mbele ya macho yake, na hatimaye kwenye kadi ya harusi, kwa wino wa rangi ya dhahabu: "Bwana Kesho na familia." Alikwenda, akala, akacheza kidogo. Hakulalamika, maana baba wa bwana harusi alikuwa na viti vyake vya mezani kwenye karakana ya fundi, na wageni wa heshima siku ile walikalia benchi la kuazima.

Jina likazaa kitenzi. Mambo haya hayaombi ruhusa. Mtu akimfuata fundi bomba akarudi mikono mitupu, alisema kakeshoshwa. Ofisi iliyofunga dirisha huku foleni ingalipo ilikuwa imekeshosha watu. Kijana anayeahidi kuoa na haoi alisemwa kuwa anamkeshosha binti wa watu. Fundi mwenyewe alilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza dukani, pale mtu aliyekuwa mbele yake alipomwambia muuza misumari, "Usinikeshoshe, ndugu yangu, nina paa liko wazi." Fundi akaitika "naam" akidhani anaitwa.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati wa kupandisha juu, dirisha moja la nyuma na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia. Siku za kazi chumba kilijaa vumbi la sponji, harufu ya gundi na mlio wa stepla. Jumapili alasiri kilijaa ubishi. Mtaa mzima hapakuwa na chumba kingine chenye viti vizuri kama kile, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mwenye chumba. Ndiyo sababu mchezo wa maneno ulihamia pale, na pengine ndiyo sababu viti havikuondoka: kila mara fundi alipotaka kumaliza kiti, kulikuwa na mtu amekikalia.

Aliyekalia kwa bidii kuliko wote alikuwa karani mstaafu wa mahakama, ambaye watu walimwita Kifungu kwa sababu hakuweza kuomba chumvi bila kutaja kifungu kinachomruhusu kuiomba. Kiti chake kilikuwa kile cha kuzunguka, mali ya mkuu wa shule. Alikikalia muda mrefu kiasi kwamba mkuu wa shule naye alistaafu, akaja mwingine, na huyo wa sasa hajui kama anadai kiti. Wa pili alikuwa Shemeji, kaka wa marehemu mke wa fundi, mtengeneza simu na mtu wa mpira. Dada yake alikuwa amefariki miaka mingi, lakini ushemeji aliuendeleza kama kazi ya kudumu.

Mchezo wenyewe ni ule wa kupanga vibao vya herufi kwenye ubao wa miraba, neno likikatiza neno, kila herufi na pointi zake. Shemeji aliununua kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika, na ni baada ya kuufungua ndipo walipogundua kuwa umetengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine. Ulikuwa na Q na X za kumwaga, ambazo hawakuwa na shida nazo maishani, na K moja tu, ambayo haiwezi kumfikisha mtu popote. Fundi akachukua mguu wa kiti uliovunjika, akaukata vipande, akaongeza K, W na A. Vibao vyake vilitoka vinene kidogo kuliko vya kiwandani, kwa hiyo mtu akitia mkono kwenye mfuko wa herufi aliweza kuitambua K kwa vidole. Kifungu akatunga sheria dhidi ya upapasaji wa makusudi. Shemeji hakuwahi kutiwa hatiani, ila alikuwa na bahati kubwa sana ya K.

Sheria nyingine zote zilikuwa za Kifungu pia. Kitenzi kiingie ubaoni uchi, bila nafsi na bila wakati. Shina linaruhusiwa, na kauli zake zote: piga, pigwa, pigana, pigisha. "Nitakupiga" hapana.

"Kwa hiyo mtu atapigwa bila kujua nani kampiga," alisema Shemeji.

"Huu ni mchezo," alisema Kifungu, "si kesi."

Ila sheria iliyowatesa zaidi ni ile ya majina. Majina ya watu yalikuwa marufuku. Labda kwa hao waliotengeneza ubao sheria hiyo ni nyepesi; huko jina ni jina, na neno ni neno, na kila mmoja anakaa kwake. Kwetu mtoto akizaliwa siku ya shida anaitwa Shida, na akizaliwa wazazi wakiwa hawajui la kufanya anaitwa Mashaka, na wote wawili hukua, wakaoa, wakafungua maduka. Shemeji alipoweka SHIDA ubaoni kwa mara ya kwanza, Kifungu alikataa papo hapo.

"Jina la mtu. Shangazi yangu anaitwa hivyo."

"Na huyo shangazi yako si ndiye shida yenyewe?"

Kifungu akafikiri kwa haki, akamkumbuka shangazi, akaliruhusu. Baada ya hapo pakawa na mtihani: mwenye neno atoe sentensi ambayo ndani yake neno hilo si mtu. "Mashaka amekuja" ni jina. "Nina mashaka na wewe" ni neno. Sentensi ya namna ya pili ikipatikana, neno linapita.

Shemeji hakuridhika. Alitaka majina yaruhusiwe yote, moja kwa moja, ya hapa na ya ng'ambo, ili Q na X nazo zipate riziki. Alilisema jambo hilo kila wiki mpaka wakachoka, wakakubali kujaribu mara moja. Jumapili hiyo haikusahaulika. Shemeji alifungua na XAQI.

"Nani huyo?" aliuliza Kifungu.

"Beki."

"Anachezea wapi?"

"Kwa sasa hana timu. Goti."

Mchezaji wa nne akaweka QUWEX, akasema ni mteja wake, na kwamba siri ya mgonjwa haimruhusu kueleza zaidi. Kifungu, aliyeishi maisha yake yote akiziheshimu sheria, akaweka jina la hakimu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, lenye Z mwanzoni na Z mwishoni. Fundi aliweka MEZA, akashika mkia. Wiki iliyofuata majina yalipigwa marufuku upya kwa kauli moja, Shemeji akinuna.

Huyo mchezaji wa nne ndiye tunayepaswa kumsema. Alikuwa mjane, mwenye duka la dawa kwenye kona, na watu walimwita Mama Famasi. Alikuja karakana mara ya kwanza kuleta kochi lake la watu watatu, ambalo springi zake zilikuwa zimeanza kuwasalimia wageni. Aliambiwa arudi kesho. Akarudi. Akaambiwa kitambaa bado. Akarudi tena, ikawa Jumapili, akawakuta wanaume watatu wanamhitaji mtu wa nne. Akakaa kidogo, kwa shingo upande, akawashinda. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili, kabla ya kuchukua herufi zake, aliuliza, "Fundi, kochi langu?"

"Sponji bado, Mama."

Au miguu bado. Au uzi wa rangi ile umeadimika.

Ukweli ni kwamba kochi lilikuwa limekwisha. Lilikuwa nyuma kabisa ya chumba, limefunikwa shuka kuukuu, na juu ya shuka fundi alikuwa amerundika springi mbovu na vipande vya mbao ili lisivutie mtu. Aliyejua ni binti yake peke yake. Binti alikuwa mwepesi wa mkono kuliko baba, na siku hizo kila kilichotoka mle karakana kikiwa kizima kilipita kwake.

"Baba," alisema asubuhi moja, huku akishona ukingo wa mto, "kochi la Mama Famasi limekwisha tangu mvua za kwanza."

"Najua."

"Sasa mbona umelirundikia takataka?"

"Lisipate vumbi."

"Baba."

Fundi akaendelea kunoa mkasi ambao ulikuwa mkali tayari.

"Likishaondoka," alisema, "atakuja kufuata nini hapa?"

Binti akaacha kuvuta uzi. "Atakuja kukusalimia."

"Watu hawaji karakana kusalimia. Wanakuja kuuliza."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Baba, na hilo nikufundishe mimi? Si wewe uliyenizaa?"

Hakumwambia. Aliyeongea ni Mama Famasi, katikati ya wiki, akiwa bado na koti lake jeupe la dukani. Hakuingia ndani. Alisimama pale mlango wa bati unapoishia, kama mtu ambaye ameamua mambo njiani.

"Fundi, dada yangu kaja kunitembelea. Nimemkalisha kitandani kama mgonjwa. Mtu kasafiri siku nzima, namwambia karibu, ulale."

"Pole, Mama."

"Sitaki pole. Jumatatu naleta watu wa mkokoteni. Liwe limekwisha, lisiwe limekwisha, linakwenda kwa yule fundi wa nyuma ya soko."

"Yule hashoni, Mama. Anagandisha kwa gundi."

"Lakini anamaliza."

Fundi aliipokea kauli hiyo kama nyundo kwenye kidole gumba, yaani bila sauti, kwa kuwa mteja bado yupo.

"Na Jumapili?" aliuliza.

"Jumapili nini?"

"Utakuja kucheza?"

"Nitakuja, iwe ya mwisho. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika, fundi. Unadhani nilikuwa nakuja kumwangalia Kifungu? Nilikuwa nachunga kochi langu."

Akaenda zake. Binti, aliyekuwa amejificha nyuma ya kochi la mtu mwingine, alimtazama baba yake tu, na fundi akaenda kuangalia feni, ingawa haikuwa na tatizo jipya.

Jumapili ikafika, ikawakuta wote mahali pao: Kifungu kwenye kiti cha shule, Shemeji kwenye stuli ya kinyozi, Mama Famasi kwenye kiti cha mikono cha familia moja iliyokuwa imehama mji, na fundi kwenye ndoo. Binti alikuwa pembeni, anamimina chai. Mama Famasi hakuuliza habari za kochi. Kwa mara ya kwanza alichukua herufi zake bila kuuliza, na fundi akaona afadhali angeulizwa.

Ajabu ya siku ile ni kwamba fundi alikuwa anaongoza. Haijawahi kutokea. Akili yake haikuwa kwenye mchezo hata kidogo, na huenda ndiyo siri yake. Aliweka tu maneno jinsi yalivyomjia, nayo yakaangukia kwenye miraba ya rangi, ile yenye pointi za ziada. Zamu yake ilipofika tena, alitazama vibao vyake, akavitazama tena, akavipanga kimoja kimoja. KESHO.

Shemeji akacheka mpaka stuli ikalia. "Amejiweka mwenyewe!"

"Hilo ni jina la mtu aliyepo hapa," alisema Kifungu. "Sentensi tafadhali."

"Kesho ni Jumatatu," alisema fundi.

Hakuna aliyedai sentensi nyingine.

Zamu ya Mama Famasi. Alikunywa chai kidogo, akaweka kikombe chini. Kisha, bila haraka, akaongeza mwishoni mwa neno la fundi herufi nne: S, H, W, A. Ile A ya mwisho ilikuwa mojawapo ya zile za mguu wa kiti, nene, na ilikaa juu ya mraba mwekundu wa pembeni, ule unaozidisha neno lote mara tatu.

KESHOSHWA.

Feni ikachagua wakati huo kusimama.

"Hapana," alisema Kifungu.

"Hapana nini?"

"Halimo kwenye kamusi."

"Kamusi haijaleta kochi hapa," alisema Mama Famasi. "Toka nje, muulize wa kwanza atakayepita. Muulize muuza maji. Muulize mtoto wa chekechea."

"Ni kweli lipo," alisema Shemeji. "Hata mimi wateja wangu wananiambia. Bila sababu, lakini wananiambia."

"Kitenzi kiko uchi," aliendelea Mama Famasi. "Hakina nafsi, hakina wakati. Kauli ya kutendwa. Wewe ndiye uliyeziruhusu kauli. Unataka sentensi? Nimekeshoshwa kochi langu tangu mvua za mwaka jana, na nimechoka."

Alisema bila kupandisha sauti. Binti akaacha kumimina chai.

Kifungu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa ameingia kazini. "Sentensi ni nzuri," alisema. "Tatizo langu liko kwenye mzizi. Kitenzi hiki hakikutoka kwenye neno kesho. Kimetoka kwa mtu. Kama fundi huyu asingekuwepo, neno lisingekuwepo. Kwa hiyo ni mtoto wa jina, na majina tumeyakataa. Tukimruhusu mtoto, kesho, samahani, siku nyingine, Shemeji ataleta wajukuu wa yule beki."

"Goti limepona," alisema Shemeji.

"Lakini," Kifungu aliinua kidole, "mwenye jina yupo. Akitamka kwamba neno hili halimhusu, ni neno la watu wote, nitaliruhusu. Akisema ni jina lake, vibao vinarudi. Fundi?"

Wote wakamgeukia fundi kwenye ndoo yake. Njia ilikuwa wazi kabisa. Akisema ni jina lake, neno linafutwa, naye anashinda mchezo kwa mara ya kwanza tangu aukate mguu ule wa kiti. Akisema halimhusu, Mama Famasi anashinda, anaondoka, na keshoye mkokoteni unakuja. Hakuna jibu katika hayo mawili lililomwacha yule mama kwenye kile kiti.

"Neno ni halali," alisema.

"Kwa hiyo Kesho si jina lako?"

"Ni jina langu. Mtaa umeshanipa, sirudishi." Alikuwa anaongea na ubao. "Lakini alilosema yeye si jina. Ni kitendo. Nimemkeshosha."

"Kwa makusudi?" Kifungu aliuliza, kwa mazoea tu.

"Kwa makusudi."

"Kwa nia gani?"

"We Kifungu, hapa si mahakamani," alisema Shemeji.

"Mwache aulize," alisema Mama Famasi.

Fundi akainuka kwenye ndoo, akakaa tena. "Kochi limekwisha. Lile pale, chini ya springi. Nililificha ili uendelee kuja kuliuliza."

"Tangu mvua za kwanza," aliongeza binti, ambaye hakuwa ameombwa ushahidi.

Macho ya wengine yakamwangukia Shemeji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kaka wa mke. Fundi hakuthubutu kumtazama. Shemeji alikuna shingo, akatazama dari, akatazama lile rundo la springi.

"Hata dada yangu alimsubiri," alisema mwishowe. "Harusi yenyewe iliahirishwa mara mbili. Alikuwa anasema huyu mtu hana neno baya, ila ana neno moja tu." Akamsukumia Kifungu mfuko wa herufi. "Mpe mama wa watu pointi zake."

Kifungu akahesabu. Mama Famasi akashinda kwa mbali, na hakuonyesha furaha yoyote. Alikwenda nyuma ya chumba, akaondoa springi moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni, akavuta shuka.

Kochi lilikuwa zuri. Hata mtu mwenye hasira angeliona. Kitambaa cha kijani cha giza, kama alivyotaka, mishono iliyonyooka, vifungo vya mgongoni vimevutwa kwa usawa. Mama Famasi alilibonyeza kwa kiganja, taratibu, kama anavyombonyeza mteja tumbo kuuliza ni hapa au hapa.

"Miezi yote hii," alisema, "nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Kinabana."

"Najua, Mama."

"Hujui. Wewe umekalia viti vya watu."

Fundi akaliokota lile shuka, akaanza kulikunja.

"Linaondoka leo," alisema Mama Famasi. "Na mtalibeba nyinyi."

Walilibeba. Shemeji mbele, fundi nyuma, binti kati upande mmoja, Kifungu upande wa pili akitoa maelekezo ambayo yangewaua wote kama wangeyafuata. Watu walitoka milangoni. Kochi kutoka kwenye karakana ile lilikuwa jambo la kutazamwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliita jirani yake, na jirani akaita watoto. "Linatoka! Linatoka kweli!" Mkuu mpya wa shule alikuwa anapita, akalitazama kwa mawazo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Mlangoni kwa Mama Famasi, Shemeji aliingia kinyumenyume, kochi likaingia nusu, likakwama.

"Sukumeni," alisema Shemeji kutoka ndani.

Wakasukuma. Likakwama vizuri zaidi.

"Lilitokea mlango huuhuu," alisema Mama Famasi.

"Lilikuwa jembamba, Mama." Fundi aliliweka chini upande wake, akafuta jasho. Ikabidi aeleze. Lilipokwisha, alikaa nalo jioni nyingi bila kazi ya kulifanyia. Akaongeza sponji kwenye mikono, ili mtu akiegemea asiguse mbao. Baadaye akaona bado ngumu, akaongeza tena. Halafu tena. Alipima kila kitu isipokuwa mlango.

"Kisheria," alianza Kifungu, "swali ni kama kosa ni la kochi au la mlango..."

"Kifungu, nenda nyumbani," alisema Mama Famasi.

"Jamani, mimi niko huku," Shemeji aliita kutoka ndani. "Nimekalia hiki kiti cha plastiki. Kweli kinabana."

Akaonyeshwa mlango wa uani, akatoka, akamshika Kifungu mkono wakaondoka pamoja, wakibishana. Binti alikwenda karakana mara moja, akarudi na nyundo, bisibisi, stepla na koleo la kung'olea pini, akaviweka miguuni pa baba yake. Kisha akasema ana mto wa mtu wa kumaliza, jambo ambalo siku ya Jumapili halikuwa la kweli, akaenda.

Fundi akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaanza na mkono wa kulia. Ilikuwa kazi ya kung'oa alichokipigilia kwa mapenzi yake mwenyewe, pini moja moja, bila kuchana kitambaa. Mama Famasi alizunguka kwa mlango wa uani, akaja kusimama ndani, upande wa pili wa kochi. Walikuwa wametenganishwa na kochi la watu watatu lililosimama mlangoni kama mtu anayesikiliza.

"Ungepiga hodi tu," alisema.

"Ningesema nimekuja kufanya nini?"

"Ungesema umekuja kuuliza kochi linaendeleaje."

"Kochi lilikuwa kwangu, Mama."

"Ndiyo. Ningecheka, halafu ningekukaribisha."

Fundi alitafakari njia hiyo fupi ambayo hakuwahi kuiona. Akang'oa pini nyingine.

"Jina lako hasa ni nani?" aliuliza Mama Famasi. "Dukani kwangu unachukua dawa za presha, naandika Fundi. Haya mambo siku moja yatanifungisha."

Akamtajia. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hajakivaa siku nyingi. Mama Famasi akalirudia mara moja, taratibu, kwa namna anavyosoma lebo ya dawa mpya.

"Ni zuri," alisema. "Ila fupi mno. Halina pointi."

"Majina hayaruhusiwi."

"Nimesema tu."

Sponji ya kwanza ikatoka, nene kama mkate mzima. Akaiweka kando.

"Jumapili ijayo," alisema fundi, bila kuinua kichwa, "utakuja?"

"Kochi nimelipata. Nije kufanya nini?"

Koleo lilikuwa limeishika pini. Hakuivuta. "Kukaa na mimi," alisema.

Mama Famasi aliinama, akapitisha kidole kwenye mshono wa ule mkono wa kushoto ambao ulikuwa bado haujaguswa, mwanzo hadi mwisho, akitafuta kasoro.

"Nitakuja," alisema. "Lakini wewe nawe utakuja hapa siku za katikati ya wiki, isiwe mimi tu wa kutembelea. Na huu mkono usiupunguze sana. Upite mlangoni tu. Nataka upana wa vikombe viwili."

Fundi akauliza ni vikombe vya ukubwa gani. Mama Famasi akaenda jikoni kuvileta, ili fundi avipime.